Sarafu ya Mnara wa Zamani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mcheke mmalize ndipo tuendelee. Ndiyo, bibi aliyeishia darasa la nne anakusanya sarafu. Ni za madini ya fedha, na dukani hazinunui hata chumvi. Hutengenezwa pale mahali panapotimiza miaka: usharika, shule, chama cha wakulima wa kahawa. Upande mmoja maandishi, upande wa pili picha ya kitu cha huko. Ninazo kumi na moja. Nyingine nilipewa, nyingine nilibadilishana kwa ndizi na mtindi. Moja niliifuata hadi sokoni Kwa Sadala, kwa mama aliyeitia chini ya mguu wa meza isicheze.

Niliyoijali kuliko zote ni ya usharika wetu. Ina kanisa la zamani na mnara wa kengele, uliobomolewa muda mfupi baada ya sarafu hiyo kutoka. Juzijuzi usharika ukakaribia jubilei nyingine, na kamati ikataka sarafu mpya yenye mnara uleule. Wakatafuta picha, wakapata za harusi tu: watu wamejazana mlangoni, juu hapaonekani. Mzee wa kanisa akaja kwangu.

"Bibi, umebaki nayo wewe tu."

Nikamwambia nitaileta baada ya Krismasi.

Krismasi watoto wakapanda kutoka mjini, na nyumba ikasuguliwa kama kila mwaka. Mke wa mwanangu wa kwanza ni mchapakazi, simsemi. Akalikuta kabatini kopo ninamoziweka, sarafu nyeusi kwa moshi na miaka. Niliporudi kutoka kukata majani ya ng'ombe nikazikuta zimepangwa juani, zinawaka.

"Mama, umeona? Nilidhani ni vyuma vibovu!"

"Umesugulia nini?"

"Majivu na waya wa sufuria. Kama ulivyonifundisha."

Nikaichukua ile ya usharika. Juu ya mlango palikuwa na mikwaruzo tu. Nilimwambia maneno makali, akaingia jikoni analia. Sikukuu ilipopita nikashuka mjini, mtaa wa Majengo, kwa sonara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tazama hii."

Akaweka lenzi jichoni, akaigeuza taratibu.

"Ule weusi haukuwa uchafu, mama. Ndio uliokuwa unaonyesha mistari. Na aliyesugua ana mkono, mashallah!"

"Mkono anao. Mnara unarudi?"

"Haurudi. Mlango na ngazi vipo. Juu hamna kitu."

Nikapanda nyumbani. Kusugua nilimfundisha mimi, mwaka alioolewa. Sikutaka kuona doa humu ndani. Sarafu sikuwahi kumwonyesha, yeye wala mwingine. Nilizificha kama mtoto anavyoficha pipi.

Mzee wa kanisa hakukata tamaa haraka.

"Basi, bibi, utuelekeze kwa kichwa. Msalaba, madirisha mawili. Nani atabisha?"

"Nitabisha mimi. Siku zile nilikuwa na debe la mchanga wa ujenzi kichwani. Sikuwa natazama juu."

"Bibi, wewe ni mgumu."

"Ndiyo. Chora kilichopo."

Sarafu mpya ikatoka na mlango na ngazi. Wapo walionung'unika kwamba kanisa halina kichwa. Wanung'unike.

Pasaka watoto walipopanda tena, niliwakalisha wote mezani. Nikamwambia mke wa mwanangu mbele yao kwamba kosa la maneno yale ya Krismasi lilikuwa langu, si lake. Akasema, "Yameisha, mama," lakini macho yalikuwa chini. Nikazipitisha sarafu mkono kwa mkono, kila moja nikaeleza ni ya wapi na imechorwa nini. Wajukuu walichoka kwenye ya tano. Sikuwaachia hadi ya mwisho.

Kisha nikaamuru: kuanzia leo, kitu cheusi humu ndani kisisuguliwe kabla hamjaniuliza ni cha nini. Na mkinikuta nimelala, niamsheni.