Shingo Niliyoiruka

Siku yangu ya kwanza kazini, hapo Arua mwaka 1972, sikupewa kalamu wala koti jeupe. Mkaguzi wa Malale, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja na askari kutoka Sudan, aliinamisha kichwa mbele yangu akaniamuru nimpapase shingo.

"Anza nyuma ya sikio, teremka mpaka bega. Polepole. Hii hapana kukanda unga."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Malale huletwa na mbung'o, yule nzi wa kando ya mito, na dalili yake ya mapema ni tezi za nyuma ya shingo kuvimba, laini kama haragwe lililoiva. Ukiigusa tezi ya namna hiyo unaidunga sindano, unavuta maji kidogo, na mwenye hadubini anatafuta vijidudu. Mgonjwa asipogunduliwa, ugonjwa hupanda kichwani: analala mchana, anakuwa mkali, anapotewa na akili, kisha anakufa. Mkaguzi alikuwa na sheria moja tu: "Shika shingo ya kila mutu. Mimi hapana taka kujua yeye iko nani."

Mwaka 1975 nilihamishiwa Koboko. Nilikuwa nimeiva kazini, najivuna kidogo, na Jumapili naimba kwaya. Kanisani kwetu alikuwako Yokana, mkulima wa mihogo kutoka Dranya. Aliapa barazani kwamba kipande fulani cha shamba ni chake, akashinda kesi. Mwaka huohuo ghala lake likaungua, kisha akaanza kusinzia katikati ya mahubiri na kumfokea mkewe mbele za watu. Sisi wanakwaya tulishamaliza hukumu: aliapa uongo, Mungu anamlipa.

Tulipokwenda Dranya kupima, Yokana alikuwa wa mwisho kwenye foleni, amelala, ameegemea baiskeli ya mtu. Watu walicheka, nami nikacheka. Nikamwambia karani, "Andika hana kitu. Ya huyu si ya hospitali." Tukafunga masanduku yetu.

Wiki tatu baadaye mkewe, Mama Elizabeti, alifika Koboko kwa miguu. Siku hiyo Mkaguzi alikuwa amekuja kutukagua, naye alikuwa amekaa palepale. Mama alinipa mkono kwa adabu.

"Daktari," akasema, ingawa sikuwa daktari, "siku ile ulishika shingo ya watu yote. Ya bwana yangu, ulishika?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa.

"Sikushika, mama."

"Basi kuja ushike. Watu nasema Mungu nachukia sisi. Kama Yeye nachukia mimi, miguu ya kufika hapa nani nipa?"

Mkaguzi hakunifokea. Tulipokuwa garini kuelekea Dranya aliniuliza tu, "Hii kesi ya Yokana, Mungu ilikupa wewe lini ukate?"

Haragwe lilikuwapo, upande wa kushoto. Maji ya uti wa mgongo yalionyesha kwamba ugonjwa umeshapanda. Yokana alilazwa, akachomwa ile dawa kali inayounguza mshipa, na kila asubuhi nilimshikilia mkono huku nikiomba kimoyomoyo, nimejaa hofu na aibu. Alipopata nafuu nilimwomba msamaha.

"Hata mimi nafikiri Mungu nalipa mimi," akasema. "Ndiyo sababu siku ile hapana ita wewe."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi lolote. Kuhusu kile kiapo, mpaka leo sijui ukweli wake, na nimeacha kuuliza.

Sasa nimestaafu, na nimeridhika. Ninyi mnaofanya kazi hizi leo mna vipimo vya haraka, nami nawafurahia. Lakini sijasikia kipimo kinachoonyesha nani amemkosea Mungu, na baada ya Dranya sikukitafuta tena. Nilishika shingo zilizokuja, mengine nikamwachia Mwenyewe.

Yokana bado hukaa karibu nami kanisani. Siku hizi anayesinzia ni mimi. Mahubiri yakirefuka, nasikia vidole vyake vikianza nyuma ya sikio langu, vinateremka polepole mpaka begani, upande huu, kisha upande ule. Halafu anamgeukia Mama Elizabeti.

"Andika," anamnong'oneza, "hana kitu."