Kibla ya Burma

Kwa miaka mingi niliishi kwa kufundisha vita ambayo sikupigana. Chuoni Braamfontein, huku kusini kabisa mwa Afrika, nilikuwa na somo zima juu ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili: mizinga, vifaru, ndege za kudondosha mabomu, na namna silaha zilivyozidi kuwa nyingi kadiri sababu za kuendelea kupigana zilivyopungua. Sentensi hiyo niliipenda sana. Kila mwaka niliitamka, nikanyamaza kidogo ili iwaingie, na kila mwaka mwanafunzi wa nyuma akauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Wakati huo huo, nyumbani kwangu Kensington, mtu aliyepigana vita hiyo alikuwa akinywa chai kwenye kiti changu.

Baba alihamia kwangu kutoka Tanga mwaka 2016, baada ya mama kufariki na ndugu zangu kuamua kwa pamoja, bila mimi, kwamba profesa ana nafasi. Alikuwa amepita miaka tisini. Ujanani alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Hilo sote tulilijua, na hakuna aliyelizungumza. Nilimtegea mara nyingi. Nikimuuliza ile bunduki yao ya rashasha, risasi zake zilifika umbali gani, ananitazama kwa huruma.

"Zilifika," anasema.

Mtu pekee aliyemweza ni binti yangu. Alizaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote, ila kinywani mwake kinatoka na viraka vya Kizulu na Kiingereza. Lakini utani wa babu na mjukuu haukuhitaji ufasaha.

"Mke wangu," baba anamwita, "mume amekaa na kikombe kitupu. Watu watasemaje?"

"Eish, babu, watasema mume mwenyewe hana meno."

"Meno niliyatoa mahari yako."

Ni yeye aliyemwekea kibla kwenye simu. Mimi nilikuwa nimeshamwambia ni kaskazini, asiniamini, kwa kuwa, alisema, mimi na sala tulikuwa hatujaonana siku nyingi. Binti akamshikisha simu, mshale ukazunguka, ukatulia kuelekea dirisha la jikoni. Kaskazini, karibu sawa na kwetu Tanga. Baba akaridhika.

"Na hii inajua hapa tu?"

"Popote, babu. Unaandika mahali, inakuonyesha. Sharp."

Akafikiri. "Andika Burma."

Nilikuwa naosha vyombo. Nikafunga bomba, nikidhani hatimaye mzee atanipa kitu cha kuandikia makala. Ramani ikaja. Mstari mwembamba ukatoka kwenye misitu ya kule ukaenda magharibi, ukakata Bara Hindi na bahari mpaka Makka. Baba aliufuata kwa kidole. Akarudi mwanzo, akaufuata tena.

"Unakwenda machweo," alisema. "Sisi tulimlaza kaskazini."

Alasiri ile alisema mwenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa na mwenzake wa Pangani, waliandikishwa siku moja. Walibeba mzinga mdogo wa makombora, ule unaofunguliwa vipande: mwenzake alichukua mtutu, baba akachukua kitako chake, bamba zito la chuma, mgongoni. Wajapani walikuwa wanarudi nyuma, lakini nyuma yao waliacha watu wachache kwenye mahandaki yaliyoezekwa magogo, na kila handaki lilibidi livunjwe, kwenye mvua, kwenye matope ya magotini. Wakiwa njiani kombora la adui likaanguka karibu yao. Baba aliangukia uso, bamba juu yake. Mtutu haukumkinga mwenzake kitu.

Vijana wa pwani wakaomba ruhusa wamzike wenyewe. Walimfunga blanketi badala ya sanda. Mawingu yalikuwa yameziba jua siku nyingi, hakuna aliyejua upande wowote, basi baba akaenda kwa luteni kuomba dira. Tangu wanazaliwa kibla kwao ilikuwa kaskazini: misikiti, makaburi, hata mbuzi wa kuchinjwa alilazwa hivyo. Wakatafuta kaskazini. Baba alishika dira, wenzake wakachimba, na alipoona kaburi limepinda kidogo akawaambia waanze upya, huku mizinga ikilia ng'ambo ya mto.

"Niliwasumbua," alisema. "Niliwaambia, jamani, tusimpunje ndugu yetu."

Nikafanya kazi niliyosomea. Nilimweleza kwamba wanazuoni wanasema aliyejitahidi kuitafuta kibla akakosea hana lawama. Nilimweleza habari za mviringo wa dunia, Mungu anisamehe. Kisha nikasema kwamba baada ya vita maiti wengi walifukuliwa, wakahamishiwa makaburi makubwa. Hapo akainua kichwa.

"Walimgeuza?"

Nikaenda kutafuta. Kutafuta ndiyo kazi ninayoiweza. Nililikuta jina lake limechongwa ukutani kule, kwenye orodha ya wale ambao makaburi yao hayakuonekana. Nilipomwambia baba, alinisikiliza mpaka mwisho, kama ambavyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisikiliza.

"Kwa hiyo yuko vile vile."

"Yuko vile vile, baba."

Hakuuliza tena. Alirudia chai yake na utani wake, ila binti akimjibu, mara nyingi alikuwa ameshasahau alichomwuliza.

Baridi ya 2018 aliacha kula. Daktari akasema tumwache nyumbani. Asubuhi moja pumzi zake zikabadilika, nami nilijua la kufanya, kwa kuwa nilimwona akimfanyia bibi nilipokuwa mdogo: mtu akiwa anakata roho hulazwa ubavu wa kulia, uso wake kibla. Nikamshika mabega, binti akashika miguu. Baba akafumbua macho, akakamata ukingo wa kitanda kwa mkono ambao siku zile haukuweza hata kushika kijiko.

"Baba, tunakuelekeza kibla."

"Yeye kwanza," alisema.

Nilimwambia, baba, yule wa Pangani hatumfikii. Hakuachia. Nikamsihi kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Binti akakaa sakafuni, akaweka kiganja chake juu ya ule mkono bila kuulazimisha, na tukangoja hivyo, jua likipanda ukutani.

Vidole vyake vilipolegea vyenyewe, tulimgeuza. Alikuwa mwepesi, na hakutuzuia.