Kunde za Wifi Biubwa

Wifi yangu Biubwa ana vituko, jamani. Ukipita shambani kwake Zinga utamsikia anaisema miche: "We nawe, leo umenuna nini?" Mtu mzima, anagombana na kunde! Mimi nimeolewa na mdogo wake, Ausi, na miaka yote hii namcheka, naye ananicheka, tunapendana hivyo hivyo.

Shamba lile waliachiwa na baba yao, wawili. Udongo wake mchanga mtupu, umechoka, kunde zikawa zinatoka za manjano. Ausi naye akachoka. Akasema msimu huu nao usipotoa kitu, tunauza, wanunuzi wa viwanja wamejaa. Biubwa hakubisha. Alikuja jikoni kwangu akalia. "Wifi, nikilikosa shamba nitaamkia wapi?"

Bibi shamba wetu, Adila, akamletea unga mweusi. Akatueleza kwamba mna bakteria wa kheri ndani yake: wanakaa kwenye mizizi ya kunde, wanavuta chakula cha mmea kutoka hewani. Biubwa akazipaka mbegu unga ule kivulini, akasema bismillahi, akapanda. Kunde zikastawi mpaka nikaacha kumtania.

Basi asubuhi moja namkuta anang'oa! Matuta mazima yamelala chini, machozi yanamtoka. "Wifi, zimeugua! Ni ule ugonjwa ulioua bamia zangu!" Kweli, mizizi ilijaa vinundu, na mwaka juzi minyoo iliiharibu mizizi ya bamia zake vivyo hivyo. Alikuwa anawahi kuokoa zilizobaki. Nikampigia Adila, akaja mbio na pikipiki, hata shikamoo akaisahau.

"Mama, ndio wale bakteria wenyewe hao!" Akapasua kinundu kwa ukucha, ndani kuna wekundu. "Ukiona rangi hii, ujue wanafanya kazi. Hivi vinundu ndiyo nyumba yao."

Lahaula! Biubwa akapiga magoti, akawa anairudisha miche ardhini, anaiomba radhi mmoja mmoja. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ilikuwa imeshanyauka. "Nimeliuza mwenyewe, wifi," akasema. "Kwa mikono yangu."

Mchana huohuo Ausi akaja na mnunuzi, eti kuangalia tu. Eti kuangalia! Nilimkata jicho, akajifanya hakuniona. Akatazama matuta yaliyong'olewa. Akatazama kunde zilizobaki, zimeshonana, kijani kimekoza. Kisha akamtazama dada yake, mchanga mpaka usoni.

"Dada," akasema, "mbegu za kurudishia hapa zimebaki?"

Biubwa akaitikia kwa kichwa huku analia. Ausi akavua viatu, akaingia shambani. Yule mnunuzi bado amesimama, anangoja kuonyeshwa mipaka. Nikamwambia mimi: "Baba, samahani kwa usumbufu. Hapa pana watu wanalima."