Kaliko ya Mghoi

Mpaka leo nikipita penye duka la vitambaa, harufu ya wanga ya nguo mpya hunifanya nivuke barabara. Mume wangu husema nina mkosi na maduka. Si mkosi, jamani. Ni kaliko.

Kaliko ni ile pamba nyeupe, ngumu kidogo, isiyo na maua. Mama alikuwa fundi cherehani kule Bura, na siku moja alishuka Voi na mimi na dada yangu Mghoi kununua kitambaa cha gauni la Mghoi la Komunyo ya kwanza. Tulipitia hospitali kwanza, Mghoi apimwe. Daktari alimwita Mama faragha, sisi tukabaki kwenye benchi tukimung'unya mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu.

Dukani, Mzee Salim alilikunjua jora. Mghoi alikuwa amevimba miguu, lakini ulimi wake haukujua ugonjwa. Akauliza kwa nini inaitwa kaliko.

"Ni jina la mji, mwanangu," Mzee Salim akasema. "Kalikut, huko Bara Hindi. Nguo ilitoka bandari ile, ikaja na jina la kwao. Wako watu ng'ambo wakisema kaliko, wao wataka ya maua. Yetu sisi ni hii nyeupe."

"Ni mbali kushinda Mombasa?"

"Mombasa ni hapo tu."

"Basi nikimaliza shule nitaenda."

Nilimcheka, hata Taveta alikuwa hajafika! Mama hakucheka, wala hakuomba kupunguziwa, yeye aliyebishania hata bei ya sindano. Nilidhani amechoka.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu, akaanza kukata papo hapo. Mghoi alilivaa gauni lile wiki mbili baadaye, akiwa ndani ya sanduku. Wanawake wa kanisani walilia huku wakiusifu mshono.

Juzi nilikuwa nikimfundisha binti yangu kushona. Nikamwambia kaliko huloweshwa kwanza ikalala majini, maana ikifuliwa hunywea, na gauni la mtoto huachiwa upindo mpana kwa sababu atarefuka. Mkasi ukanikwama mkononi. Mama hakulowesha kitu siku ile, na upindo wa Mghoi ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu. Alijua tangu hospitali. Alijua, na alishona peke yake, nami nimesimama kando nikimhimiza amalize upesi.