Karatasi ya Nyigu

Kazi aliyoijua mama huyu ilikuwa moja tu, kujalidi vitabu. Aliingia kwenye kiwanda cha uchapaji akiwa binti mwembamba wa kutumwa kuleta gundi, akapewa sindano na uzi ashone kurasa, na miaka thelathini na moja baadaye bado alikuwa anashona, isipokuwa sasa mabinti wengine wanne walikuwa wanamsikiliza yeye. Wenzake walimwita Bi Jalada. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walishakua, wakaoa, wakahamia mbali, na nyumba ikabaki na watu wawili, yeye na mumewe.

Karatasi alikuwa anaijua kama mpishi anavyojua chumvi. Ungemfumba macho, ukamtia karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, naye angekuambia ni nzito au nyepesi, imekaushwa taratibu au imeharakishwa, itakunjika vizuri upande gani na upande gani itapasuka. Siku moja msimamizi wa kiwanda, mtu mkavu asiyecheka bila sababu ya maandishi, alimletea vipande vitatu ili amwumbue. Bi Jalada akavisugua, akarudisha viwili. "Hivi vyetu. Hiki cha tatu umekibandua kwenye pakiti ya sabuni." Msimamizi akaguna, akaondoka na vipande vyake, na tangu siku hiyo hakumjaribu tena.

Nyigu walikuja mwaka ambao mumewe alistaafu. Mzee huyo alikuwa dereva wa kreni, maisha yake yote ameyapitisha juu ya vichwa vya watu, na sasa hakuwa na la kufanya ila kunywa chai kibarazani na kuangalia paa lake mwenyewe. Ndiye aliyewaona kwanza, watatu au wanne, wakijipenyeza kwenye tundu chini ya ukingo wa paa, pembe ya jikoni.

"Mama Pacha, tuna wapangaji," akasema.

"Wanalipa?"

"Bado hawajaonyesha nia."

Wakacheka, wakayaacha. Baada ya wiki kadhaa hawakuwa tena watatu wala wanne. Walikuwa wanaingia na kutoka mfululizo, kama wafanyakazi wanaopishana zamu. Bi Jalada akiwa anamenya vitunguu alikuwa anasikia juu ya dari sauti nyembamba, kama mtu anayepiga msasa laini, asiyechoka wala kupumzika. Hakuijali. Wao wana shughuli zao, alijisemea, nami nina zangu.

Mambo yaliharibika alipokuja wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri, aliyekuja kukaa siku kumi ili atibiwe goti. Asubuhi ya kwanza tu alisimama uani, mkono kiunoni, akatazama juu.

"Wifi! Mnaishi na nyigu wote hawa, na mnakula mnashiba?"

"Hawajatugusa, wifi."

"Watawagusa. Na wewe, mdogo wangu, mwanamume mzima, umekaa na kikombe? Kitambaa, mafuta ya taa, moshi, kazi imekwisha!"

Bi Jalada alimwambia mumewe asithubutu. Lakini mtu aliyeendesha kreni miaka ishirini na sita, akiambiwa na dada yake kwamba anaogopa ngazi ya hatua tisa, utamzuia kwa kamba gani? Alingoja mkewe aende kazini, akasimamisha ngazi, akapanda na fimbo iliyofungwa kitambaa kinachofuka moshi.

Walimuuma mara tatu tu, mbili mkononi na moja shingoni. Alishuka kwa miguu yake, akaketi, akasema si kitu. Dakika kumi baadaye midomo ilikuwa imemvimba, sauti imekauka, na kila akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi. Wifi mtu alipiga kelele hadi jirani mwenye gari akatoka na povu la sabuni kidevuni, nusu amenyoa, nusu bado. Bi Jalada alipigiwa simu, akaacha kitabu na sindano ikining'inia ndani yake, akawakuta hospitali. Mumewe alikuwa amekwisha kudungwa sindano na anapumua tena, macho mawili madogo katika uso ambao hakuutambua.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyezungusha maneno. "Leo mmewahi, mama. Mwili wake haupatani kabisa na sumu ile. Akiumwa tena, siwezi kukuahidi kwamba mtawahi."

Jioni ile, waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Bi Jalada alisimama uani peke yake, chini ya pembe ya jikoni. Wifi alikuwa ndani analia na kumbembeleza mdogo wake kwa zamu. Nyigu walikuwa wanarudi nyumbani mmoja baada ya mwingine, miguu ikining'inia, wakiingia tunduni bila kugombana. Hakuwachukia, na hilo lilimshangaza. Lakini uamuzi ulikuwa umeshajifanya wenyewe.

"Mtanisamehe," akawaambia kwa sauti ya chini. "Yule mnayetaka kuniondolea, mimi bado namhitaji."

Mpulizaji dawa alikuja kesho yake alasiri. Alikuwa mfupi, wa makamo, ovaroli yake imefuliwa hadi imesahau ilikuwa rangi gani. Hakufungua hata mkoba. Aliomba kiti, akakiweka mbali kidogo na ukuta, akakaa akitazama tundu na saa yake kwa dakika nzima, midomo ikihesabu.

"Wameingia arobaini na watatu," akasema. "Kwa dakika moja. Hii si familia, mama. Hawa ni mtaa mzima."

Kisha akaingia jikoni, akaweka sikio ukutani, akafumba macho kama daktari anayesikiliza mtoto tumboni. Alipoyafumbua alikuwa ameshusha sauti.

"Ni wengi kuliko nilivyodhani. Mzee asiwepo hapa siku mbili. Nitakuja Jumamosi alfajiri, wakiwa wote ndani na baridi imewashika."

Mume na wifi wakapelekwa kwa binamu yao. Jumamosi, mbingu ikiwa bado ya kijivu, mpulizaji alivaa kofia ya wavu na glavu, akapanda ngazi kwa utulivu wa mtu anayepanda kitandani, akaingiza mpira mwembamba tunduni na kuanza kupuliza dawa ya unga. Alikuwa amemwambia Bi Jalada abaki ndani na afunge kila kitu. Alifunga. Lakini aliweka kiganja ukutani.

Ukuta ulikuwa unatetemeka.

Kwanza ilikuwa sauti kama ya mafuta yanayochemka mbali. Kisha ikakua, ikashuka chini, ikawa nzito, na vikombe kwenye kabati vikaanza kugongana taratibu. Aliwahi kuisikia nguvu kama ile mahali pamoja tu, kiwandani, asubuhi, mashine zote zinapowashwa kwa pamoja na sakafu inaingia miguuni. Lakini kule kulikuwa na chuma na umeme. Hapa ni wadudu ambao mmoja wao usingeweza kumsikia akitua mezani. Alisimama pale akaacha mkono wake utetemeshwe, hajui kama anaogopa au anaheshimu.

Kelele ilidumu karibu saa moja. Ikawa inapungua, inarudi, inapungua. Kufikia mchana ukuta ulikuwa ukuta tu. Alikuwa ameungoja ukimya ule, na ulipokuja hakujua auweke wapi.

Jumapili mpulizaji alirudi kubandua dari. Alitandika turubai juu ya meza na jiko, akang'oa misumari, akashusha ubao wa kwanza polepole, kichwa kikiwa juu kabla ya ubao kufika chini. Akanyamaza.

"Kuna nini?" Bi Jalada akauliza.

"Panda uone mwenyewe. Wamekufa, usiogope."

Alipanda juu ya kiti, kisha juu ya meza, akaingiza kichwa kwenye uwazi. Mpulizaji akamulika tochi.

Masega yalikuwa yananing'inia kati ya mbao za paa, kumi na moja, moja chini ya jingine, marefu kama mkono wa mtu mzima, yameachana nafasi ileile, upana wa kidole. Kila sega lilikuwa na vyumba mamia, kila chumba kina pembe sita, kuta zake zinatumiwa na jirani pia, bila kupotea hata uzi mmoja wa nafasi. Na kuyazunguka yote kulikuwa na ganda la matabaka, jepesi, lililokunjwa mawimbi mawimbi.

Lakini kilichomfanya ashike ubao asianguke ni rangi. Ganda lile lilikuwa na mistari: kijivu, kisha kahawia, kisha kijivu tena, halafu katikati mstari wa buluu, mwembamba, umepinda vizuri kama umepigwa kwa brashi, na mwingine, na mwingine.

"Hii buluu imetoka wapi?"

Mpulizaji alielekeza tochi dirishani. "Fremu zako, mama. Wanakwangua ubao, wanatafuna, wanapaka. Kila anayekuja anapaka mdomo mmoja. Kijivu ni mbao za ua lako, naona. Kahawia sijui."

"Mlango wa stoo," Bi Jalada akasema taratibu.

Nyumba yake yote ilikuwa pale juu. Ua alioujenga mumewe, mlango wa stoo, madirisha waliyoyapaka pamoja mwaka walipohamia. Imetafunwa, imelainishwa, imetandazwa, imekaushwa. Alinyoosha mkono, akavunja kipande cha ganda mahali ambapo dawa haikufika, na bila kufikiri akakitia kati ya kidole gumba na cha shahada.

Ilikuwa karatasi. Si kitu kinachofanana na karatasi, karatasi. Ilikuwa na nyuzi, ilikuwa na upande wa kukunjika na upande wa kupasuka. Akatia mate kwenye ncha ya kidole, akaweka tone. Tone likasimama, likang'aa, halikuzama.

"Imetiwa gundi ili isinyonye maji," akanong'ona. "Jamani, wameitia gundi."

"Mate yao hayo."

"Wako wangapi hapa?"

"Elfu tatu. Labda nne."

"Na msimamizi wao?"

"Hawana."

"Malkia je?"

"Malkia anataga tu, mama, hana muda wa kumwamuru mtu. Kila mmoja akifika anagusa pale mwenzake alipoishia, anaendelea."

Bi Jalada alikifikiria kiwanda chao. Kengele, daftari la mahudhurio, msimamizi na msaidizi wa msimamizi, na bado mwezi uliopita walijalidi vitabu mia mbili sura ya tano ikiwa kichwa chini. Akacheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, akafuta macho kwa kanga.

"Wewe kazi yako ni kuwaua hawa," akamwambia. "Huoni vibaya?"

Mpulizaji alishusha tochi. "Nikiitwa na mtu ambaye mumewe amekaribia kufa, sioni vibaya. Lakini kila nikifungua dari nanyamaza kwanza. Mke wangu anasema nina ujinga. Basi, ndivyo nilivyo."

Alimchagulia sega moja la pembeni lisilo na unga, akalikung'uta, akalianika juani na kipande kikubwa cha ganda. Tundu likazibwa kwa saruji. Siku ile na kesho yake nyigu wachache waliokuwa mbali walirudi, wakazunguka mbele ya saruji mbichi na midomo imejaa. Bi Jalada aliwatazama kupitia dirisha lililofungwa. Siku ya tatu hakuja hata mmoja.

Sega alilipeleka kiwandani ndani ya boksi la biskuti. Alitaka kuwaonyesha mabinti wake wanne tu, lakini aliyekuwa kwenye mashine ya kukatia akaja, wa wino naye akaja na mikono yake myeusi nyuma ya mgongo ili asiguse. Msimamizi akatokea kuuliza kwa nini watu wamesimama. Alitazama, akaenda ofisini, akarudi na kile kipimo chake cha unene ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukishika. Akabana ganda mahali pamoja. Akasoma. Akabana mahali pengine, akasoma, na pengine, na pengine tena.

"Ni nyembamba kuliko yetu nyembamba kabisa," akasema. "Na ni sawa. Kila mahali ni sawa."

Alisema hivyo kama mtu anayeungama. Nyuma yao mashine moja iliyosahauliwa ilikuwa inazunguka bila karatasi, na kwa mara ya kwanza hakumfokea mtu.

Wiki ile mumewe alirudi nyumbani, uso wake umerudi kuwa uso. Wifi alikuwa ameondoka na goti lake na aibu yake, baada ya kuomba radhi mara nyingi kiasi kwamba ikabidi wamwombe anyamaze. Mzee alikaa kibarazani, na Bi Jalada akamletea boksi. Mwanzoni alirudi nyuma na kiti.

"Hamna kitu ndani, baba. Ni nyumba tupu."

Alilipokea kwa viganja viwili. Mtu huyu aliwahi kuinua madaraja, mapipa, na mara moja meli ndogo nzima na watu wake wakipunga mikono. Sega halikuwa na uzito wowote. Aliligeuza, akalielekeza kwenye mwanga, na jua likapita kwenye kuta zile zote, vyumba mamia vikawaka kwa pamoja, vingine kijivu, vingine buluu.

Akapitisha kidole taratibu juu ya vyumba vya buluu.

"Mama Pacha," akasema hatimaye, sauti yake bado ina mkwaruzo, "hii buluu si tuliipaka mimi na wewe?"

"Ndiyo."

"Wameipaka vizuri zaidi."

"Zaidi sana," akasema, akavuta kiti akae karibu naye.