Chipu Nyeupe Yenye Nukta Moja

Wanaosimulia mambo ya aina hii huanza kwa kuapa. Mimi siapi. Asiyeniamini aje sokoni Mamboleo nimwonyeshe chipu yenyewe, kisha twende naye kule ziwani, Asembo Bay, akaone kovu mgongoni mwa ndugu yangu Otieno. Akishaona, aniambie usoni kwamba natunga.

Nina kibanda cha vitu vikuukuu: saa za ukutani, redio za mbao, vyombo vya shaba. Familia za matajiri wa Milimani zikihama, mimi ndiye huitwa kuchukua vilivyoachwa stoo. Kazi yangu ni kukitambua kitu na kukipa bei, na hiyo kazi naijua. Nasema hivi usije ukadhani nilikuwa mshamba wa kudanganywa na kila mpita njia.

Huyo Otieno ni kitinda mimba wetu. Mama alifariki kabla mtoto hajaota meno, nikamlea mimi, na nilikuwa na miaka kumi na minne tu. Leo anauza omena, wale dagaa wa ziwani, ana mke na watoto, lakini kwangu bado ni yule mtoto niliyemtafunia chakula. Sikio lake la kushoto halina ncha. Mbwa alimng'ata akiwa darasa la pili. Likumbuke hilo sikio.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mvua, bado hata saa moja haijagonga. Sijauza hata kijiko. Mzee mmoja akaingia amevaa koti la suti la kizamani, kavu kabisa, na nje mvua inapiga mabati hatusikilizani. Je, sikuliona hilo? Niliona. Nikanyamaza kwa sababu alikuwa mteja wa kufungua, na sisi watu wa soko mteja wa kufungua hatumwachi aende hivi hivi. Ukimwacha, siku nzima utakaa kupiga miayo.

"Mama, nimekuletea kitu. Niambie bei yake," akasema.

Akaweka sanduku la mbao mezani, akalifungua. Ndani zimepangwa chipu, vile visahani vidogo vya mviringo ambavyo wacheza kamari ya karata huviweka mezani badala ya pesa. Za zamani sana. Moyo uliniruka, lakini uso nikaukaza. Niliwahi kupata chache katika nyumba moja ya Milimani, za udongo mgumu, na watu wa ng'ambo walizigombania.

Hizi hazikuwa za udongo. Niligonganisha mbili karibu na sikio langu. Udongo hutoa sauti nzito, lakini hizi zililia kama meno ya mtu anayetetemeka. Nikaimulika moja kwa tochi. Pembe ya ndovu huwa na mistari myembamba inayopishana, na hapa sikuiona. Niliona vitundu vyeusi, vidogo mno. Mfupa. Na hakuna chipu mbili zilizofanana.

"Ni za nani, Mzee?"

"Za wenyewe. Mimi nazungusha tu."

Basi nikafanya kile ambacho kila mchuuzi hufanya akikipenda kitu. Nikaanza kukikashifu. Nilichagua moja iliyomeguka ukingoni, nikaishika kwa vidole viwili, nikakunja pua.

"Hii imevunjika. Tena ni mfupa tu wa ng'ombe, Mzee. Haina maana yoyote."

"Una hakika?"

"Ngoja uone."

Chai yangu ilikuwa juu ya jiko la makaa hapo kibandani. Nikatia ncha ya sindano kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu. Hivyo ndivyo tunavyopima: plastiki huyeyuka, mfupa hauyeyuki, unatoa moshi kidogo tu. Nikaichoma ile chipu kwa nyuma. Moshi ukatoka, harufu ya nywele zilizoungua. Na niamini, ile chipu ilishtuka vidoleni mwangu. Nikajiambia ni mkono wangu.

Simu ikalia. Alikuwa Otieno.

"Nyamera," alisema. Ndivyo anavyoniita kwa lugha yetu, yaani dada yangu. "Kuna kitu imenichoma mgongoni. Nimelala tu kwa nyumba. Shati imetoboka." Alikuwa analia. Sikuwa nimemsikia akilia tangu siku ya mbwa.

Nikaitazama ile chipu. Nikatazama ule ukingo uliomeguka, upande wa kushoto, juu. Nikakaa juu ya redio.

Mzee hakucheka. Laiti angecheka. Alinyoosha mkono tu. "Umesema haina maana. Sibebi kitu kisicho na maana. Nipe niitie hapo kwenye makaa."

"Nilikosea, Mzee. Niuzie."

"Kwa bei gani?"

"Yoyote. Chukua kibanda chote."

Alizitazama saa zangu, redio zangu, vitu nilivyokusanya miaka ishirini, kwa jicho lile lile ambalo mimi nilikuwa nimetazamia mali yake. "Chipu hubadilishwa kwa chipu."

"Sina chipu, Baba."

"Unayo."

Akapekua chini kabisa ya sanduku akatoa moja nyeupe yenye nukta moja nyeusi katikati. Mimi nina alama nyeusi ya kuzaliwa juu ya kitovu. Aliyeijua ni marehemu mume wangu peke yake.

"Chagua," akasema. "Ile nyingine naondoka nayo."

Sikufikiria. Wewe ungefikiria? Niliikumbatia ya Otieno kifuani kwa mikono miwili. Mzee akafunga sanduku taratibu, akanishukuru kwamba tumefungua soko vizuri, akatoka kwenye mvua. Nilipofika mlangoni, vijana wa bodaboda waliojikinga pale nje waliniambia hawajaona mtu akiingia wala akitoka.

Otieno alipona. Anadhani ni mdudu. Chipu yake nimeizungushia pamba, nimeiweka ndani ya kopo la maziwa, na siku ya baridi nalisogeza karibu na jiko. Nikisahau, atanipigia kesho yake kusema ana homa.

Na mimi? Mimi naendelea na kazi, ila sindano niliitupa. Wakati mwingine nikiwa naosha vyombo nahisi vidole viwili vimenishika ubavuni, mwanga mkali unanipenya tumboni, na ndani ya kichwa nasikia meno yakigongana. Hapo najua kuna mtu ameniinua ananikagua. Sijui yuko Busia, sijui Kisii, sijui yuko mtaani kwako. Naogopa, sina haja ya kuficha.

Kwa hivyo wewe unayenunua vitu vikuukuu, nakuomba. Siku mzee mkavu akiingia kwako huku mvua inanyesha, usiguse moto. Itafute ile nyeupe yenye nukta katikati. Usitafute kasoro ili upunguze bei, wala usiseme ni mfupa wa ng'ombe. Mwambie ni kitu cha thamani, hata kama huamini, kisha airudishe sandukuni polepole.