Saa Moja Nyuma, Ng'ambo ya Mpaka

Enzi zetu pale Tunduma, kurudi nyuma kwenye wakati uliopita kulihitaji miguu tu. Ukivuka mpaka ukaingia Nakonde, Zambia, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na sisi watoto tuliichezea saa hiyo kama mpira wa matambara. Ukichelewa shule wenzako wanakuambia kimbilia Zambia, huko bado hujachelewa. Tulipita njia za panya, vumbi hadi magotini, tukawasalimia wauzaji wa sokoni "mulishani" ili watukatie kipande cha chikanda, ule mkate wao wa mizizi na karanga, kisha tukarudi tukijiona tumeishi saa moja mara mbili. Watoto wa leo ukiwaambia twende Nakonde kwa miguu, wanauliza bodaboda iko wapi.

Haya yameamshwa na riwaya aliyoniletea binti yangu, Neema. Ni hadithi ya upole: mwanamke mwenye majuto anarudishwa kwenye siku anayoitaka, airekebishe, apate furaha. Nimeisoma huku nikipika vitumbua, vingine vikaungua, na nimemaliza nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Maana siku yangu mimi naijua.

Ni siku aliyofariki Bibi, mama yake baba, aliyenilea. Kila asubuhi alinichana nywele akisema, "Mtoto haondoki bila kuaga." Siku hiyo nilimkuta amelala, mama akanikataza nisimwamshe, nikaenda shule hivyo hivyo. Ilipofika saa tatu shangazi akaja kunichukua darasani. "Bibi ametutoka sasa hivi," akasema. Sikulia. Nilichomoka mkononi mwake nikakimbilia Zambia. Kwenye duka moja la Nakonde kulikuwa na saa ya ukutani, inasema saa mbili na kidogo. Nikafurahi jamani! Saa mbili Bibi alikuwa hai. Nikageuka mbio kurudi nyumbani, nimuwahi, nimuage.

Baba alinidaka mpakani, macho mekundu. Nikamweleza huku nahema, nikingoja kofi, kwa kuwa enzi hizo kofi lilitangulia maswali. Baba akachuchumaa. "Mama, ile saa ni ya kwao. Bibi yako hakuwa Mzambia." Akacheka, halafu akalia mbele yangu, akanibeba mabegani hadi nyumbani. Hakuwa amenibeba hivyo kabla, wala hakunibeba tena.

Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Nikirudi siku ile nikamuaga Bibi, sitakimbia. Nisipokimbia, mabega ya baba nitayapata wapi? Yule mwanamke wa kitabuni alichagua upesi, mimi nashindwa. Neema ananicheka: "Mama, si hadithi tu?"

Leo asubuhi simu yangu imeshika mtandao wa Zambia, ikarudi nyuma saa moja yenyewe, mimi nimekaa kwenye kochi langu hapa hapa Tunduma. Zamani saa hiyo tuliifuata kwa mbio. Siku hizi inakufuata sebuleni, na vijana wanaona kero, wanairekebisha kwa kidole. Mimi sikuigusa. Nikampigia baba, ambaye sasa ni mzee, anaishi Mlowo, mbali na mpaka, magoti yamemgomea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko upande gani, mama?" Ananiuliza hivyo tangu siku ile.

"Hata sijui, baba."

"Basi njoo. Huku Mlowo saa hairudi nyuma."

Nikafunga vitumbua kwenye mfuko, hata vile vilivyoungua, nikamuaga Neema, nikatoka.